Kabla ya Kutia Sahihi



Fomu nyingi za mkopo zinazotufikia hapa Junda ni za Kiingereza. Leo tueleze maneno manne yanayotuchanganya.

La kwanza na la pili ni "borrow" na "lend". Sisi twasema "kuazima" pande zote mbili: nimeazima sufuria kwa jirani, jirani ameniazima sufuria. Kiingereza hakikubali hivyo. "Borrow" ni kuchukua, "lend" ni kutoa. Kwa hivyo kwenye fomu "borrower" ndiye mdaiwa, na "lender" ndiye mdai.

La tatu na la nne ni "witness" na "guarantor". Hapa ndipo penye hatari. "Witness" ni shahidi: ameona mwenzake akitia sahihi, basi. "Guarantor" ni mdhamini: mwenzake akishindwa kulipa, deni lamgeukia yeye, hata kufikishwa mahakamani. Mama anaambiwa, "Njoo unishuhudie tu," anatia kidole, kumbe amekuwa mdhamini!

Mikopo ya vikundi, kama ile ya Women Enterprise Fund iliyoanzishwa na serikali mwaka 2007, husimama kwa wanachama kudhaminiana. Kudhamini si kosa. Kudhamini bila kujua ndiyo shida.

Basi mkutano ujao, isomeni fomu kwa sauti, neno kwa neno. Msilolijua, ulizeni kabla kalamu haijagusa karatasi. Dawa ya deni ni kulipa, lakini liwe deni mlilolikubali wenyewe.