Damu Kutoka na Damu Kuvilia: Istilahi ya Maradhi ya Figo

Mwaka 1856 tabibu Mjerumani Carl Wunderlich alieleza maradhi ambayo damu humwagika ghafla kandokando ya figo pasipo mtu kupigwa wala kuanguka. Asili yake mara nyingi ni uvimbe wa figo, au ugonjwa wa mishipa ya damu. Dalili kuu ni tatu, ingawa si lazima zionekane pamoja: maumivu makali ya ubavuni, uvimbe unaopapasika, na kuishiwa nguvu kwa kupungukiwa damu.

Tatizo la lugha huanza katika swali la tabibu. Huko Ijara, katika kaunti ya Garissa, mgonjwa aghalabu ni Msomali, na huenda mkalimani akahitajika. "Je, umetoka damu?" hutafsiriwa kwa neno la Kisomali *dhiigbax*, ambalo nalo kiasili ni damu kutoka. Mgonjwa asiyeona damu hujibu "La", na asema kweli. Kumbe damu imejikusanya ndani, nyuma ya utumbo.

Kiswahili kina kitenzi kifaacho zaidi: *kuvilia*, yaani damu kujikusanya chini ya ngozi. Twapendekeza maana hiyo ipanuliwe, isemwe *mvilio wa damu kandoni mwa figo*. Swali nalo ligeuzwe: "Maumivu ya ubavu yalianza ghafla? Wasikia kizunguzungu?"

Mgonjwa huongezewa damu. Picha za eksirei ya kompyuta huthibitisha maradhi. Kisha, ikibidi, mshipa uvujao huzibwa au figo huondolewa. Yote hayo hungojea swali lililoulizwa sawasawa.