Mbona mtoto wa paka hulia akiachwa peke yake?

KILA alfajiri, wakazi wengi wa Thika na Ruiru hupanda matatu kwenda kazini Nairobi na kurejea giza limeshaingia. Katika baadhi ya vyumba vya kupanga hubaki mtoto wa paka, aliyeletwa kufukuza panya, akilia mlangoni.

Kilio hicho kikiendelea usiku, wapo wanaochoshwa nacho na kumtupa sokoni au kando ya barabara, ambako huenda akafa njaa au akakanyagwa na gari. Ilhali kosa si lake: mara nyingi aliondolewa kwa mama yake mapema mno.

Mtoto wa paka huzaliwa akiwa amefumba macho, naye huyafumbua baada ya wiki moja hadi mbili. Ingawa huanza kuonja chakula akiwa na wiki nne hivi, bado humhitaji mama na ndugu zake. Kwao ndiko hujifunza kucheza bila kuumiza na kuizoea hofu.

Utafiti wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Ufini, uliochapishwa mwaka wa 2017 na kuhusisha paka karibu 6,000, ulibaini kwamba walioachishwa kunyonya kabla ya wiki nane walielekea zaidi kuwa wakali.

Aliyekwisha kuletwa aweza kusaidiwa. Kwanza, atandikiwe kitambaa chenye harufu ya mama yake ndani ya boksi, mahali penye joto na pa kujificha. Pili, azoeshwe upweke polepole: mwenyeji atoke kwa dakika chache, arudi, kisha aongeze muda siku baada ya siku. Tatu, achezeshwe na kulishwa kabla ya mwenyeji kuondoka. Kumpiga kwa sababu ya kulia humzidishia woga.

Hata hivyo, akikataa chakula, akiharisha au akilegea, asidhaniwe ana upweke tu. Apelekwe kwa daktari wa mifugo bila kukawia, kwani mnyama wa umri huo hudhoofika upesi.

Kwa anayeshinda kazini kutwa, ni heri angoje mtoto huyo afikishe wiki 12, amchukue mwanzoni mwa likizo, na akiweza, achukue wawili wa mama mmoja. Wawili hao watafarijiana mlango ukishafungwa.