Ngoma ya Machozi kwa Nganya

Hakuna makanga anaweza wekea watu ngoma ya msee akililia mbuyu yake, asubuhi hivi, Jogoo Road. Nusu ya gari itashukia Hamza. Hio ndio mtihani ya kwanza ya ngoma Nairobi: itadunda kwa nganya ama haitadunda? Ya pili ni klabu. Ya tatu ni simu, na hapo ndio kuna mambo.

Skiza ya Safaricom, we ndio unalipa lakini mwenye anakupigia ndio anaskia, tena kipande tu kabla ushike. Sasa imagini lando anapiga juu ya rent, anapokewa na kilio. Zii! Ndio maana wasee huandikanga koras kwanza, fupi, tamu, isiyoumiza mtu. Uchungu inasukumwa vesi ya tatu, kwenye mtu hafikangi.

Cheki zile stuu za keja, blanketi imepigiliwa kwa ukuta. Msee anashusha mistari vile mathe alikuwa analala njaa ndio yeye adishi. Prodyuza anatoa hedfoni, ananyamaza kiasi.

"Buda, hio ni kali." Anakuna kichwa. "Lakini tuitoe. Weka ya madem."

Simlaumu. Stima ya stuu hulipwa na ngoma zenye zinachezwa.

Chenye sikubaligi ni ile stori ati ukijianika utakufa njaa. Kalamashaka walitoka Dandora miaka ya tisini na "Tafsiri Hii", maisha ngumu mwanzo mwisho, na redio zikaishika. Nyashinski alihepa Kenya wakati kundi lake, Kleptomaniax, walikuwa wamewaka, akaenda kuendesha lori Marekani, akarudi 2016 na "Now You Know". Baadaye akatoa "Mungu Pekee", bila mbwembwe za klabu. Nani atasema hakuomoka?

Lakini mkali wa hii mchezo, kwangu, ni Jua Cali. Jamaa wa genge, Calif Records damu, kazi ni kujigamba. Kwa "Kwaheri" akaita Sanaipei Tande ashike koras. Uchungu yote ikakaa kwa sauti ya manzi, yeye akabaki akichana vile huwa anachana. Msee hataki kulia mbele ya mabeste, so anaitisha mtu wa kumlilia! Ujanja safi, na ngoma ikabamba.

Gengetone haikujaribu hio. "Lamba Lolo" 2018, "Wamlambez" mwaka uliofuata, mtaa yote ikawaka. Wazazi walipiga kelele juu ya matusi, lakini mi naona shida ilikuwa kwingine. Ulijua koras, hukujua msee. Biti ikichosha watu, hakuna mtu wa kumiss.

Saa hii ni arbantone, wanachukua biti za kitambo wanazichemsha upya. Iko na fom, sikatai. Nangoja tu mmoja wao atuchanue kwao kejani kuko aje.