Fahamu: Kwa nini ngano ya Basotu bado ni kidonda kwa Wabarbaig

Migogoro ya ardhi kati ya wakulima na wafugaji haiishi kwenye habari. Wilayani Hanang, mzizi wake mmoja uko uwanda wa Basotu.

Ilikuwaje? Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, shirika la umma NAFCO, kwa msaada wa Kanada, lilifungua mashamba ya ngano yaliyofikia takriban ekari 100,000. Eneo hilo lilikuwa malisho ya Wabarbaig, tawi la Wadatoga.

Kwani ardhi ilikuwa tupu? La hasha. Wafugaji walihama kwa zamu, na mabonde yenye rutuba, *muhajega*, yalikuwa tegemeo la mifugo. Kuyakosa kulivunja mzunguko mzima.

Makaburi je? Mzee mwenye heshima hujengewa *bung'ed*, kaburi la udongo lililoinuka kama pia, kwa matanga ya miezi kadhaa. Baadhi yalipitiwa na matrekta. Kwa ukoo, huko ni kuvunjiwa heshima.

Sheria ilisemaje? Kijiji cha Mulbadaw kilishinda kesi dhidi ya NAFCO katika Mahakama Kuu, kikashindwa kwenye rufaa. Mwaka 1987 serikali ikafuta haki za kimila katika eneo hilo.

Na leo? Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inatambua haki za kimila, pamoja na malisho ya pamoja. Vijiji vya Hanang na Mbulu vipime malisho na kuyasajili sasa. Ardhi isiyolimwa siyo ardhi isiyo na mwenyewe.