Simu Njema Huanzia Kwenye Mnara: Mafunzo kutoka Bisil



Mwezi wa Shaabani uliopita nilialikwa kutoa darasa Bisil, mji wa soko la mifugo ulioko Kajiado, kando ya barabara kuu iendayo Namanga. Baada ya sala ya Alasiri alinijia mama mmoja, mzaliwa wa Mombasa, aliyemfuata mumewe huko katika biashara ya mbuzi. Mkononi alikuwa na simu mpya yenye kioo kikubwa na kamera tatu, nayo ilikuwa imejifunga. "Sheikh," aliniambia, "simu hii niliinunua iniunganishe na watu wangu. Sasa ndiyo iliyonitenga nao."

Aliinunua kwa malipo ya kila siku. Alitanguliza shilingi 3,000, kisha akawa analipa shilingi 65 kwa siku, kwa muda wa siku 365. Mtoto akashikwa na homa, siku nne zikapita bila malipo, na simu ikajifunga. Mumewe, aliyekuwa nyikani na mifugo, alimtumia pesa za matibabu kwa M-Pesa, naye mama akadhani pesa zile zimefungwa pamoja na simu. Aliyemtoa katika dhiki ile ni jirani yake, mzee wa Kimaasai: aliitoa laini, akaitia katika simu yake ndogo ya mulika mwizi, mama akaweka nambari yake ya siri, na pesa zikapatikana. Mtoto alitibiwa, alhamdulillahi.

Hili na lijulikane katika kila nyumba: pesa zimo katika laini, hazimo katika simu. Kwa hiyo simu ndogo ya zamani isitupwe. Ichajiwe na iwekwe kabatini, maana siku ya msiba haipigi hodi.

Tuje sasa kwenye kuchagua. Wengi wetu huanzia dukani, tukavutwa na rangi na kamera. Njia iliyo sawa ni kuanzia mahali tunapoishi. Mama yule aliniambia kwamba hata kabla simu haijafungwa, ndani ya nyumba yake mtandao haukushika ila akisimama mlangoni. Bisil mjini si sawa na boma lililo mbali na lami. Kilima kimoja chatosha kumkinga mtu na mnara.

Kenya ina mitandao kadhaa, ikiwemo Safaricom, Airtel na Telkom. Safaricom ndiyo yenye wateja wengi zaidi, na ndiyo yenye M-Pesa iliyoanza Machi 2007. Airtel wengi huifuata kwa unafuu wa vifurushi. Lakini sifa za mtandao hazina maana pale ambapo haufiki. Basi, kabla ya kununua, azima laini za majirani wa mitandao mbalimbali. Zijaribu chumbani, jikoni na pale mumeo anapolala na mifugo. Jaribu mchana, kisha jaribu baada ya Isha, wakati watu wengi wamo mtandaoni. Piga simu, tuma picha, uone. Tangu mwaka 2011 mteja anaruhusiwa kuhama mtandao pamoja na nambari yake, na tangu 2018 pesa hutumwa kutoka mtandao mmoja hadi mwingine. Aliye na shaka achague simu ya laini mbili: moja ya pesa na mazungumzo, nyingine ya intaneti nafuu.

Kisha ndipo tuitazame simu yenyewe. Kwa familia iliyo mbali na umeme wa uhakika, betri ni bora kuliko kamera. Ile ya 5,000 yafaa zaidi. Hifadhi isipungue gigabaiti 64, kwani picha na sauti za WhatsApp hujaza upesi. Tahadhari na zawadi za ng'ambo: minara ya vijijini aghalabu hutumia masafa ya chini, kama megahezi 800 kwa 4G, kwa kuwa yanafika mbali, na baadhi ya simu zilizotengenezwa kwa soko la Marekani hazipokei masafa hayo. Nyingine zimefungiwa mtandao wa huko zitokako.

Ukiwa dukani, bonyeza *#06#. Itatokea nambari ya tarakimu 15. Ilinganishe na iliyoandikwa kwenye boksi. Mwaka 2012 simu bandia zilizimwa nchini kwa amri ya Tume ya Mawasiliano, na waliopata hasara ni wanunuzi. Dai risiti na dhamana, kwani sheria yetu inampa mnunuzi khiyari ya kurudisha kitu chenye aibu iliyofichwa.

Limebaki la malipo, nalo ndilo zito. Nilikaa na mama yule tukapiga hesabu: 65 mara 365 ni 23,725, ongeza 3,000, jumla ni 26,725. Simu kama ile ilikuwa ikiuzwa Kitengela kwa 16,000 taslimu. Hakuwa amewahi kuiona jumla ile. Aliiona 65 tu. Kuuza kwa awamu kwa bei iliyozidi ya taslimu si haramu kwa dhati yake: Baraza la Fiq'hi la Kiislamu lilipokutana Jeddah mwaka 1990 liliruhusu, kwa sharti kwamba bei iwe moja, imekubaliwa siku ya mkataba. Lakini likakataza deni kuongezwa kwa sababu ya kuchelewa, maana hiyo ni riba. Basi uliza mambo mawili kabla ya kutia sahihi: jumla ni ngapi, na nikichelewa kutaongezwa nini? Ukiambiwa kuna faini, rudi nyumbani. Aya ya deni katika Suratul-Baqara imetuamrisha kuandika, na hatuwezi kuandika tusichokijua.

Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Kwa shilingi 65 kwa siku, mama yule angeweza kuweka akiba siku 200 tu, akaongeza zile 3,000 alizokuwa nazo, akainunua simu ile taslimu, na isingemfungia mlango usiku wa homa.

Mwenyezi Mungu atupe rizki ya halali na matumizi yenye busara. Wabillahi tawfiq.