Gari lina siti za mbele tu, mtoto mchanga akae wapi?

Swali hili nimeulizwa kliniki na katika ujumbe wa wasomaji zaidi ya mara moja, na karibu kila mara anayeuliza ana pikapu ya kebini moja au kirikuu ya biashara: "Daktari, mnatuambia mtoto akae siti ya nyuma. Gari langu halina siti ya nyuma. Nifanyeje?"

Ni swali la haki kabisa. Sisi madaktari tumezoea kutoa ushauri kana kwamba kila familia ina gari la milango minne. Kumbe gari lililopo nyumbani ni lile linalobeba nyanya sokoni alfajiri, na saa nne ndilo linalompeleka mama na mtoto kliniki. Leo nitalijibu kwa urefu kidogo, kwa sababu jibu linategemea kitu ambacho wenye magari wengi hawajawahi kukiangalia: je, mbele ya siti ya abiria kuna mfuko wa hewa?

Mfuko huo, ambao mafundi wengi huuita eabegi, umekunjwa ndani ya dashibodi. Gari likigonga kitu kwa nguvu, gesi huzalishwa ghafla, mfuko hupasua kifuniko chake na kujaa kwa haraka kuliko unavyoweza kupepesa jicho. Umetengenezwa kwa ajili ya mtu mzima aliyefunga mkanda na kukaa mbali na dashibodi. Mtu huyo anaposukumwa mbele anaukuta umeshajaa, unampokea. Shida ipo kwa mwili ulio karibu sana wakati mfuko bado unafunguka. Hapo mfuko haupokei, unapiga.

Sasa fikiria kiti cha mtoto mchanga. Huwekwa mtoto akitazama nyuma ya gari, mgongo wa kiti ukielekea dashibodi, na kuna sababu nzuri. Kichwa cha mtoto mchanga ni karibu robo ya urefu wa mwili wake. Mifupa ya shingo haijaungana vizuri, bado ina sehemu laini, na nyuzi zinazoishikilia zimelegea. Gari likisimama ghafla, mtoto anayetazama mbele kichwa chake hutupwa na shingo ndiyo inayobeba mzigo wote. Akitazama nyuma, kichwa, shingo na mgongo huegemea kiti kwa pamoja. Kanuni ya Umoja wa Mataifa ya viti vya watoto, namba 129, inataka mtoto asigeuzwe kutazama mbele kabla ya miezi 15. Mimi napenda akae hivyo muda mrefu zaidi, mpaka kiti kimshinde kwa uzito au urefu.

Lakini mkao huohuo mzuri unakiweka kichwa cha mtoto karibu kabisa na kifuniko cha mfuko, kukiwa na plastiki ya kiti tu katikati. Mfuko ukifunguka unakipiga kiti kwa nyuma, na pigo linaishia kichwani. Kusogeza siti ya gari nyuma kabisa hakusaidii. Kwa hiyo katika hili sina majadiliano: kiti kinachotazama nyuma hakiwekwi mbele ya mfuko wa hewa unaofanya kazi, hata kama safari ni ya kwenda dukani na kurudi.

Marekani walijifunza hili kwa gharama kubwa. Mifuko ya hewa ya abiria ilipoenea miaka ya 1990, zaidi ya watoto 100 waliuawa na mifuko yenyewe, wengi wao katika ajali za mwendo mdogo ambazo watu wazima walitoka ndani ya gari wakitembea. Baadhi walikuwa wachanga kwenye viti vyao. Wengi walikuwa wakubwa kidogo, hawakufungwa mkanda. Dereva alikanyaga breki, mtoto akateleza mbele hadi kwenye dashibodi, na mfuko ukafunguka akiwa ameugusa. Mwaka 1995 serikali ya nchi hiyo ikawaruhusu watengenezaji kuweka swichi ya kuzima mfuko wa abiria kwenye pikapu na magari ya watu wawili, kwa sababu hayana siti ya nyuma ya kumkalisha mtoto. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, tangu 2006 ni kosa kisheria kumweka mtoto akitazama nyuma mbele ya mfuko ambao haujazimwa.

Ukiwa barabarani kwetu angalia utaona: mtoto wa miaka miwili amesimama katikati ya miguu ya mama, mikono juu ya dashibodi, anafurahia kutazama magari. Hakuna sehemu mbaya zaidi ya hiyo ndani ya gari.

"Mimi namshika vizuri"

Wazazi wengi huniambia hivyo, na siwalaumu, mikono ya mama imemlea mtoto huyo tangu siku ya kwanza. Tufanye hesabu. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa likigonga ukuta, kilichomo ndani ambacho hakijafungwa huendelea mbele kwa mwendo uleule. Ni sawa na kudondoka kutoka mita 10 hivi, ghorofa ya tatu. Mtoto wa kilo 10 kwa sekunde hiyo anavuta kama mzigo wa zaidi ya kilo 200. Hakuna mikono inayoshika hilo. Na ukimpitishia mkanda wako umzunguke mtoto akiwa mapajani, ni wewe utakayemkandamiza kwa uzito wako wote.

Shirika la Afya Duniani linasema kiti cha mtoto kinaweza kupunguza vifo vya watoto wachanga katika ajali kwa asilimia 71. Chanjo nyingi zingejivunia takwimu kama hiyo. Faida hiyo, hata hivyo, ni ya kiti kilichowekwa mahali panapofaa.

Kwanza, lijue gari lako

Kaa kwenye siti ya abiria na tazama dashibodi iliyo mbele yako. Ukiona herufi SRS zimechorwa kwenye plastiki, kuna mfuko wa hewa. Shusha kizuia jua: magari mengi yana kibandiko chenye picha ya kiti cha mtoto na alama nyekundu ya katazo. Magari yetu mengi yanatoka Japani na maandishi yake hatuyasomi, lakini picha inasomeka. Pikapu nyingi za zamani na kirikuu za miaka ya nyuma hazina mfuko upande wa abiria, nyingine zinao. Usikisie.

Kama hakuna mfuko, kiti cha mtoto kinaweza kufungwa siti ya mbele, akitazama nyuma. Siti iwe na mkanda mzima unaopita begani na kiunoni. Hata hivyo nikuambie ukweli wangu kuhusu kirikuu: pua yake ni fupi mno, ajali ya mbele inafika kwa abiria mapema. Kwa safari ya taratibu mjini, na kiti kimefungwa sawasawa, sawa. Kwa safari ya mkoani, tafuta usafiri mwingine wenye siti ya nyuma na uhame na kiti chako.

Kama mfuko upo na kuna swichi, mara nyingi utaikuta pembeni mwa dashibodi ukifungua mlango wa abiria, au ndani ya kisanduku cha dashibodi. Huzungushwa kwa ufunguo. Ukishauzima, washa gari na hakikisha taa inayoonyesha kwamba mfuko wa abiria umezimwa inawaka, ndipo umfunge mtoto. Akishuka na mtu mzima akipanda, uwashe tena. Hapa watu husahau sana. Mume anamshusha mama na mtoto, anampakia shemeji, na shemeji anasafiri hadi Morogoro bila kinga yake.

Kama mfuko upo na hakuna swichi, mtoto anayestahili kutazama nyuma asipande gari hilo. Najua si jibu ulilolitaka. Chukua teksi yenye siti ya nyuma na ufunge kiti chake huko, au azima gari la ndugu kwa siku ya kliniki. Kumpandisha nyuma kwenye bodi ya pikapu si jibu kabisa. Huko hurushwa nje hata kwa kona kali.

Na fundi wa mtaani anayesema atakata nyaya mbili tatu? Usikubali. Kompyuta ya mfuko huo mara nyingi ndiyo inayoendesha pia mkanda unaojikaza wakati wa ajali, na mfuko unaweza kufyatuka mikononi mwa fundi mwenyewe. Taa ya tahadhari ya mifuko ya hewa inayowaka muda wote kwenye dashibodi haimaanishi mfuko umezimwa. Inamaanisha mfumo una hitilafu, na hujui utafanya nini siku ya ajali. Kazi hiyo ipelekwe kwa wakala wa gari husika au fundi mwenye vifaa vya kampuni.

Mtoto mkubwa, ambaye kiti cha kutazama nyuma kimemshinda, suala lake ni tofauti kidogo. Swichi ikiwepo, zima. Isipokuwepo, siti ya nyuma ya gari lingine bado ndiyo bora, na kama hakuna budi, sogeza siti ya abiria nyuma kabisa na kaza mikanda ya kiti chake ili mwili ubaki mbali na dashibodi. Katika kirikuu nyingi siti ya abiria husogea kidogo au haisogei kabisa, jambo ambalo linanifanya niwe mkali zaidi.

Kiti chenyewe

Kadi ya kliniki unayo, na uzito wa mtoto umeandikwa humo. Nenda nayo dukani. Kiti kina kibandiko kinachoonyesha uzito au urefu kinaoufaa, na alama ya E ndani ya duara inaonyesha kimepimwa kwa kanuni za Umoja wa Mataifa. Viti vya mtumba vipo vingi, na vingine ni vizuri, lakini geuza na utafute nyufa kwenye plastiki, mikanda iliyochakaa, na tarehe ya kutengenezwa iliyogandamizwa chini. Kiti kilichowahi kuwa kwenye ajali hakifai, na kwa kuwa muuzaji wa mtumba hajui historia yake, kwangu kiti kipya cha bei ya chini chenye alama ya E ni bora kuliko cha mtumba cha kifahari.

Ukishakifunga, kishike pale mkanda wa gari unapopita na ukitikise. Kikisogea zaidi ya upana wa vidole viwili, bado hakijakaza. Kwa mtoto anayetazama nyuma, mikanda ya kiti itokee usawa wa mabega yake au chini kidogo. Jaribu kubana mkanda wa begani kwa vidole: ukipata mkunjo wa kushika, kaza. Blanketi na masweta mazito huleta ulegevu usioonekana. Mfunge kwanza, kisha mfunike khanga juu.

Angalia pia kidevu. Kichwa cha mtoto mchanga kikiangukia kifuani, njia ya hewa hujikunja. Laza kiti zaidi kwa kadiri kitabu chake kinavyoruhusu. Kwa aliyezaliwa njiti, muulize daktari wake kabla ya safari ya kwanza, na mtu mzima amtazame njiani. Mkifika, mtoe. Kiti cha gari si kitanda cha mchana.

Na kama ajali itatokea, hata ndogo, mlete hospitali mtoto anayetapika, anayesinzia isivyo kawaida, anayeshika kichwa upande mmoja au kukataa kukigeuza, au mwenye alama ya mkanda tumboni. Alama hiyo ya tumboni isikudanganye kwa udogo wake, kwa sababu utumbo uliochanika unaweza kukaa kimya kwa saa kadhaa kabla mtoto hajaonyesha dalili.