Uzi: “Facilitation” maana yake nini haswa?

Watu wangu, hakuna mjadala wa siasa siku hizi unaoisha bila hili neno. Kwa midomo yetu limeshakuwa fasilitesheni. Mgombea anasema amefasiliteti vijana, vijana wanasema hawajafasilitetiwa, na hakuna anayeuliza kufasilitetiwa wafanye nini. Mimi nasoma sayansi ya siasa, naishi Dagoretti Corner, na juzi hili neno limenipata mfukoni. Wacha nijaribu kulifungua.

Mzizi wake ni Kilatini, facilis, yaani rahisi. Kufasiliteti ni kumrahisishia mtu kazi ambayo tayari anataka kuifanya. Kiswahili sanifu kina kuwezesha, ndiyo maana anayeongoza warsha anaitwa mwezeshaji. Hapo hakuna ubaya wowote. Mkalimani wa lugha ya ishara kwenye mkutano wa hadhara ni uwezeshaji. Gari la kumleta mzee asiyeweza kutembea, pia.

Shida ilianzia kwa nauli, nadhani. Kwenye semina unaandika jina, namba ya simu, unatia saini, unarudishiwa nauli. Sawa kabisa. Halafu nauli ikazidi nauli. Halafu watu wakaanza kuuliza kiasi kabla ya kuuliza mada. Wanasiasa si wajinga, waliona neno safi lenye harufu ya ofisi wakalichukua. “Hongo” inakupeleka kortini. “Chai” kila mtu anaijua. Lakini fasilitesheni unaweza kuitaja mbele ya mchungaji na asishtuke.

Na kabla mseme ni Wakenya tu: Marekani ina sheria ya 1977 inayokataza kampuni zao kuhonga maafisa wa nchi za nje, lakini imeacha mwanya kwa malipo madogo ya kuharakisha kazi ya kawaida ya ofisi. Mwanya wenyewe unaitwa kwa neno hili hili. Uingereza walipotunga sheria yao ya hongo ya 2010 hawakuacha mwanya huo.

Mfano ninaoupenda zaidi uko hapo jirani. Mwaka 2000 Bunge la Tanzania lilibadilisha sheria ya uchaguzi ili takrima, yaani ukarimu wa kimila wa mgombea kwa wapiga kura, isihesabiwe kuwa rushwa. Neno tamu kweli, lina mzizi mmoja na ukarimu. Nani atakataa mgeni apewe chakula? Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu na wenzake wakaenda Mahakama Kuu, na mwaka 2006 vifungu hivyo vikafutwa kwa kukiuka Katiba. Sababu moja ni rahisi hata kwa mtu wa stage kuielewa: mgombea maskini atakirimu na nini? Ukiruhusu ukarimu wa aina hiyo, umeshachagua tajiri kabla kura hazijapigwa.

Kwetu Kenya, Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya 2016 inamgusa anayetoa na anayepokea. Ndiyo, hata wewe wa mia mbili. Lakini sheria hiyo inahusu kura, na fasilitesheni nyingi haiji wakati wa kura. Inakuja katikati, wakati hakuna anayeangalia. Sasa nirudi nyumbani.

Kulikuwa na mkutano wa kukusanya maoni ya wananchi, ukumbi mmoja karibu na hapa. Sitasema wa nani. Katiba ya 2010, kifungu cha 10, inataja ushiriki wa wananchi kati ya maadili ya taifa, kwa hivyo mikutano kama hii si hisani ya mtu. Hoja ilikuwa matumizi ya kando ya barabara. Kama unaijua Ngong Road, unajua vitanda na makochi yanauzwa hapo hapo nje. Kwa mafundi, hiyo hoja ni ugali.

Jirani yangu ni fundi wa makochi. Alikuja na swali lake ameliandika nyuma ya risiti ya mbao: tukitolewa hapa, tutapelekwa wapi? Kabla ya maswali, kijana mmoja akatangaza kwamba fasilitesheni ya mia tano itatolewa mkutano ukifungwa, na muda ni mfupi. Hakuna aliyetishwa. Lakini kila aliyeinua mkono baada ya hapo alizomewa na wenzake: keti, unatuchelewesha! Fundi alikunja risiti akairudisha mfukoni.

Tulipanga laini, tukatia saini. Mimi pia. Nilikuwa nimetembea kwa miguu dakika sita, sikuwa na nauli ya kurudishiwa, na nikapokea. Karatasi tuliyosaini ilikuwa moja tu, ile ile ya mahudhurio. Kwa hivyo mahali fulani kuna faili inayoonyesha kwamba mimi na fundi tulishirikishwa.

Kwa hivyo ukisikia neno hili, uliza mawili tu. Kuwezeshwa kufanya nini? Na je, ningepewa hata kama ningepinga? Nauli ya kweli haijali umesema nini. Pale ukumbini hakuna aliyepinga, kwa hivyo jibu la swali la pili sina. Jibu la kwanza ninalo: tuliwezeshwa kunyamaza.

Najua kuna atakayesema mkono mtupu haulambwi, na mtu mwenye njaa usimhubirie Katiba. Nakubali nusu. Fundi siku hiyo alikuwa amefunga kazi kuanzia saa nne asubuhi, na mia tano haikufidia alichopoteza. Angelipwa siku yake yote, mwanzoni, kabla ya neno lolote, kisha apewe maiki, huo ndio ungekuwa uwezeshaji, na ningeutetea hapa bila aibu.

Yangu nilinunua tokeni za stima. Fundi bado ana ile risiti. Jana ameniuliza mkutano mwingine ni lini.